Dirisha Kati ya Kucha Mbili

Mwaka wa 1998 aliletwa kwetu mwanamke kutoka upande wa Sirisia, na vidole vyake sijavisahau hadi leo. Alikuwa na miaka 33. Shemeji yake alimpakia kwenye baiskeli, mama mkwe akatembea nyuma akimshikilia mgongo asianguke, na walipofika kituo chetu cha afya jua lilikuwa limeshakuwa kali ilhali nyumbani waliondoka alfajiri. Alikuwa ameharisha miezi 7. Mashavu yalikuwa yamebonyea, miguu imevimba na kung'aa, na sauti ilikuwa imepungua hata ikanibidi niiname ili nimsikie. Mikono yake ililala juu ya leso. Ncha za vidole zilikuwa nene na za mviringo kama vijiti vya kupigia ngoma, na kucha zilikuwa zimepinda kuufuata uvimbe huo, kama mgongo wa kijiko kilichofunikwa.

Niliviona. Hilo ndilo linaloniuma. Niliushika mkono ule nikitafuta mshipa wa kutilia maji, nikaziona kucha, kisha nikachukua daftari lake nikaandika vifupisho tulivyovitumia miaka hiyo kusema ukimwi bila kuutaja. Hakupimwa damu. Tulimtilia maji, tukampa dawa ya kufunga tumbo na vidonge vya vitamini, tukamruhusu arudi nyumbani. Wiki 5 baadaye alifariki. Niliambiwa kwamba baada ya matanga godoro lake lilichomwa pamoja na vyombo alivyokuwa akilia chakula, na tangu siku hiyo mumewe akawa mtu wa kusalimiwa kwa mbali.

Mimi ni tabibu mstaafu. Nilisomea chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC, nikaanza kazi Kitale mwaka wa 1989, na mwaka wa 1996 nikahamishiwa Bungoma, nikakaa huko mpaka nilipostaafu. Wananchi hutuita daktari, na katika vituo vingi vya mashambani tabibu ndiye daktari pekee ambaye mgonjwa atamwona maishani mwake. Kwa hiyo jina tunaloliandika kwenye daftari lina uzito. Mgonjwa hulibeba mpaka nyumbani, na mara nyingine hulibeba mpaka kaburini.

Nieleze kwa nini niliandika nilichoandika, maana sikuwa nimelewa wala sikuwa nikimchukia yule mama. Mwaka wa 1985 madaktari nchini Uganda walieleza katika jarida la Lancet juu ya ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza watu wa Rakai. Wenyeji walikuwa wameshaupa jina: slim, kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Dalili zake kubwa zilikuwa kuharisha kusikokoma na mwili kuyeyuka. Mwaka huohuo, mjini Bangui, Shirika la Afya Duniani lilitunga kanuni ya kuutambua ukimwi kwa mtu mzima mahali ambapo hakuna maabara. Ukikuta dalili kubwa mbili, kwa mfano kuhara kwa zaidi ya mwezi mmoja na kupoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito, kisha ukaongeza dalili ndogo moja, umepata jawabu. Bungoma inapakana na Uganda. Malori hupita usiku na mchana kuelekea Malaba, na watu huvuka Lwakhakha kwenda kuuza na kununua kama mtu anavyovuka barabara. Mwaka wa 1998 wodi zilikuwa zimefurika. Kanuni ya Bangui niliijua kwa moyo, na mara nyingi ilisema kweli.

Ila iliyafundisha macho yangu kukoma kutazama mara tu jawabu lilipopatikana. Vidole vyenye ncha nene havikuwa katika orodha ile, kwa hiyo niliviona nikavipita.

Mwaka wa 2007, mwezi wa Juni, kijana mmoja mwendesha boda boda wa baiskeli kutoka Kanduyi alikuja kwangu. Alikuwa na miaka 27. Wakati ule pikipiki zilikuwa bado hazijaimeza biashara hiyo, na Bungoma nzima ilikuwa ikitembea juu ya viti vya sponji vilivyofungwa nyuma ya baiskeli. Kijana wa kazi hiyo huwa na mapaja kama ya fahali. Huyu alisema alianza kwa kumwomba abiria ashuke watembee pamoja penye mwinuko, halafu akaanza kuomba hivyo hata penye tambarare, halafu abiria wakaanza kumkwepa. Alipoacha kuendesha alikuwa na kilo 47. Daftari lake la zamani lilionyesha kilo 68.

Nalitaja daftari hilo kwa sababu lilikuwa na kurasa nyingi za maandishi, na mengine yalikuwa yangu mwenyewe. Alikuwa ametibiwa taifodi mara 3, kila mara kwa nguvu ya kipimo cha Widal kilichotoka kliniki tofauti. Kipimo hicho hupenda kusema ndiyo mahali ambapo watu wengi wamewahi kukutana na viini vya taifodi au jamaa zake, na kukitegemea peke yake ni sawa na kumhukumu mtu kwa sababu aliwahi kupita mbele ya duka lililovunjwa. Alikuwa ametibiwa ameba mara 2. Alikuwa amepewa dawa za minyoo. Damu yake ilipimwa virusi vya ukimwi mara 2, miezi 3 ikipita katikati, na mara zote hakuwa navyo. Hapo watu wa nyumbani wakageukia sababu nyingine. Kama si ukimwi, basi ni mkono wa mtu.

Na kulikuwa na jambo lililowapa nguvu waliosema hivyo. Usiku mmoja mikono ya kijana ilikakamaa. Vidole vilijikusanya pamoja, kidole gumba kikaingia ndani ya kiganja, na viwiko vikagoma kunyooka. Mama yake aliwaita watu wa maombi, wakamwombea mpaka kulipokucha. Baadaye nilikuja kuelewa kuwa utumbo ulioharibika haufyonzi madini ya kalisiamu, na kalisiamu ikipungua sana katika damu mishipa ya fahamu hushtuka ovyo na misuli hujikaza yenyewe. Nimeona watu wakifukuziwa mapepo kwa mkakamao ambao sindano moja ya kalisiamu, ikiingizwa polepole mshipani, huulegeza mtu akiangalia.

"Daktari," mama yake aliniambia, "mtoto huyu nimemlisha mpaka nimechoka. Chakula kinampita kama maji kwenye mfereji."

Nimesoma vitabu kadhaa juu ya maradhi ya utumbo mwembamba, na sijaona maelezo bora kuliko hayo. Nilimwomba mama anisimulie choo chenyewe, jambo ambalo sisi waganga wa kisasa huona aibu kuliuliza na wagonjwa huona aibu kulijibu. Alisema ni kingi, cheupecheupe, kina mafuta, kinaelea, na harufu yake inawafanya wapangaji wenzao walalamike. Huo si uharo wa kuhara damu, wala si wa kipindupindu. Ni uharo wa mtu anayekula bila chakula kuingia mwilini. Maumivu yalikuwa yakimjia kuzunguka kitovu, yakibana na kuachia. Miguu ilikuwa imeanza kuvimba kwa sababu protini ilikuwa ikivujia tumboni. Homa ilikuja jioni, ndogo, ikaenda.

Kwa picha hiyo nilikuwa nimeshakata shauri: kifua kikuu cha tumbo. Ni ugonjwa halisi, upo kwetu, na hukondesha vivyo hivyo. Kalamu ilikuwa mkononi, na dawa zake zilikuwa kabatini. Nikamwomba kijana atie sahihi kwenye kadi. Alipoishika kalamu nikaviona vidole vya mwanamke wa Sirisia.

Namaanisha hivyo hasa. Kwa kitambo kidogo sikuwa Bungoma ya 2007. Niliinuka kitini nikamwambia, "Hebu, kijana wangu, gusanisha kucha zako za vidole vya shahada, mgongo kwa mgongo."

Fanya hivyo nawe unayesoma. Ukizigusanisha kucha mbili za kidole kilekile cha mikono miwili, zikitazamana, na ukaziinua mbele ya mwanga, utaona kijidirisha kidogo chenye umbo la almasi penye mashina ya kucha. Mtu ambaye ncha za vidole vyake zimevimba hana dirisha hilo. Limefungwa. Aliyetupa kipimo hiki ni Leo Schamroth, daktari wa moyo wa Afrika Kusini, aliyeugua yeye mwenyewe maambukizi ya moyo na kuangalia dirisha lake likifungwa na baadaye likifunguka. Alikiandika mwaka wa 1976. Hakihitaji umeme, maabara, wala shilingi moja. Dirisha la kijana lilikuwa limefungwa kabisa.

Vidole vya namna hiyo kwa kawaida humfanya tabibu ayafikirie mapafu au moyo. Picha ya kifua chake ilikuwa safi, makohozi hayakuwa na kifua kikuu, na moyo ulipiga vizuri. Nilimpigia simu daktari bingwa mmoja wa Eldoret niliyewahi kufanya kazi naye. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Kuna mtu amewahi kuchukua kipande cha utumbo wake?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi usimwanzishie kitu. Mlete."

Kutoka Bungoma hadi Eldoret ni kilomita kama 100. Tulisafiri kwa matatu, mimi, kijana na mama yake, kwa sababu niliogopa kwamba nikiwapa barua tu wataishia kituo cha kwanza watakapoishiwa na nauli. Pale Webuye, chini ya kilima cha Chetambe, kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilikuwa bado kinafanya kazi na ile harufu yake ya mayai yaliyooza ikajaa ndani ya gari. Kijana alitapika dirishani. Mama alimfuta mdomo kwa ncha ya leso yake, akaniuliza kwa sauti ndogo kama huko tuendako watamkata. Nikamwambia watamwingizia mpira mwembamba wenye kamera kupitia mdomoni, upite tumbo, uingie mwanzo wa utumbo mwembamba, na utoe vipande vidogo kuliko punje ya mtama. Alinyamaza mpaka Turbo.

Nataka kukaa kidogo kwenye utumbo huo, kwa sababu bila kuuelewa huwezi kuelewa kilichompata. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi. Ndani umefunikwa na vinyweleo laini visivyohesabika, na hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Nyuma yake wamelala askari. Chembe za kinga ni nyingi sana katika ukuta wa utumbo, kuliko mahali pengine popote mwilini, maana huko ndiko dunia ya nje inakopita kila siku pamoja na ugali, mboga na maji ya chemchemi. Askari hao hutengeneza silaha iitwayo imunoglobulini A. Kila silaha imeungwa kwa minyororo minne ya protini, miwili mizito na miwili myepesi, na ncha za minyororo hiyo ndizo zinazomnasa adui.

Sasa chukua utumbo ambao tangu utotoni umepigana na wadudu wale wale, mwaka baada ya mwaka, bila kupumzika. Kwa watu wachache sana, kikosi kimoja cha askari huanza kuzaliana kupita kiasi. Hujipanga kwenye ukuta wa utumbo kwa mita nzima nzima, huvisukuma na kuvibapaza vinyweleo, na chakula hakina tena mahali pa kuingilia. Na silaha wanayotoa imeharibika: ni mnyororo mzito peke yake, mfupi, usio na ile sehemu ya kushika. Mkulima wa Bungoma ataelewa nikisema ni mipini ya jembe isiyo na jembe. Maxime Seligmann na wenzake wa Paris walieleza protini hiyo mwaka wa 1968. Kabla ya hapo madaktari waliokuwa wakiuona ugonjwa huu kwa vijana wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini waliuita limfoma (saratani ya limfu) ya Mediterania. Mwaka wa 1976 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza jina ambalo kwa Kiswahili naweza kulieleza hivi: ugonjwa wa kuzaliana kwa chembe za kinga katika utumbo mwembamba.

Wenye kuupata ni watu wazima vijana, wengi kati ya miaka 15 na 35, na karibu wote hutoka mahali penye umaskini na maji machafu. Dalili zao ni zile alizokuwa nazo kijana wa Kanduyi: kuhara kwa miezi, maumivu ya kubana, kukonda, miguu kuvimba, wakati mwingine mikono kukakamaa, na vidole vya vijiti vya ngoma, ambavyo huonekana kwa wagonjwa wengi wa ugonjwa huu na ambavyo magonjwa mengine ya utumbo hayavileti mara kwa mara. Hatua ya kwanza ya ugonjwa inaweza kurudishwa nyuma kwa dawa za kawaida za kuua viini. Ukiachwa, hugeuka saratani kamili ya limfu, na hapo safari huwa nyingine.

Majibu ya vipande yalipotoka, daktari bingwa aliniambia alichokiona kwa kamera: mikunjo ya utumbo ilikuwa imenenepa, na juu yake kulikuwa na vipele vipele kama changarawe. Alitaja kwanza ugonjwa mwingine mpole zaidi, ambao nao huwapata watu wazima kwa nadra, ambapo vinundu vya chembe za kinga, vya milimita 2 hadi 10, hutapakaa utumboni, mara nyingi kwa mtu ambaye kinga yake ina kasoro na ana kidudu cha giadia. Madaktari wa Mayo Clinic ya Marekani waliuandika mwaka wa 1966. Huo unaweza kukaa na mtu miaka bila kumdhuru. Kwa macho, alisema, mambo haya yanaweza kufanana. Kwa darubini hayafanani. Kipimo cha damu cha kuutafuta ule mnyororo mzito hatukukipata. Vipande vya nyama ndivyo vilivyosema, na vilisema ni ule wa Seligmann, katika hatua ya mwanzo.

Nilirudi Bungoma usiku ule nikijiuliza ni kwa nini neno limfoma halikuwa limenijia hata mara moja katika miezi yote ile. Jibu nililipata katika elimu yangu mwenyewe. Kwa tabibu wa magharibi mwa Kenya, limfoma ni mtoto mwenye taya lililovimba. Tunafundishwa juu ya Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyepoteza jicho moja utotoni, ambaye mwaka wa 1957 alionyeshwa mtoto wa namna hiyo katika hospitali ya Mulago, na mwaka wa 1958 akauandika ugonjwa ambao sasa una jina lake. Mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford wakasafiri maili 10,000 kwa wiki 10, wakatembelea hospitali 57 kuuliza swali la kawaida kabisa: je, watoto kama hawa mnawaona hapa? Ramani iliyotokana na majibu ilionyesha kwamba karibu na ikweta ugonjwa haupandi zaidi ya futi 5,000 hivi, yaani mita 1,500. Baadaye ikafahamika kwamba kilichokuwa kikiweka mpaka huo ni malaria, ikishirikiana na kirusi ambacho Epstein, Achong na Barr walikigundua mwaka wa 1964 katika uvimbe wenyewe.

Mpaka huo umepita kwetu. Mji wa Bungoma uko kwenye mita 1,400 hivi, na Kitale iko kwenye mita 1,900. Nimefanya kazi pande zote mbili za mstari wa Burkitt, na naweza kusema kwamba nilipoteremka kutoka Kitale mwaka wa 1996 ndipo nilipoanza kuwaona watoto wale kwa macho yangu mwenyewe badala ya kuwasoma. Nilijivunia kuwatambua mapema. Ila fahari hiyo ilikuwa na gharama yake. Neno limfoma lilikuwa limeshajazwa na uso wa mtoto, na mwanamume wa miaka 27 anayeharisha hakuwa na nafasi ndani yake. Nilishika jibu la Burkitt na nikaliacha swali lake. Yeye aliuliza wagonjwa wanaishi wapi na wanaishi vipi. Mimi sikuwa nimemuuliza kijana anakunywa maji gani.

Niliuliza baadaye. Walichota kwenye chemchemi isiyojengewa, na kuku wao 12 walilala jikoni, kama wanavyolala katika nyumba nyingi za kwetu kwa kuogopa wezi na vicheche. Mwaka wa 2004 watafiti nchini Ufaransa walikuta viini viitwavyo Campylobacter jejuni katika utumbo wa baadhi ya wagonjwa wa ugonjwa huu, na kuku ni makao makubwa ya viini hivyo. Sisemi kuku wa mama yule ndio waliomwangusha mwanawe. Mamilioni ya watu hulala na kuku na hawapatwi. Lakini nilimwambia awajengee kibanda, nao vijana wa steji ya boda boda wakakijenga siku moja ya Jumamosi.

Matibabu yalianza Novemba 2007. Ilikuwa tetrasaiklini, vidonge vilivyouzwa wakati huo katika kila duka la dawa kwa bei ambayo hata mwendesha baiskeli asiye na kazi aliweza kuchangiwa. Kilichotusumbua ni chai. Tetrasaiklini hukamatana na kalisiamu ya maziwa ikapita bila kufanya kazi, na Bungoma chai bila maziwa huhesabiwa kuwa ni kumtukana mgeni. Na bado alihitaji kalisiamu kwa ajili ya mikono yake. Mama alichora kwa mkaa ukutani ratiba ya jua: dawa jua likichomoza na chai ya rangi, kalisiamu na maziwa jua likiwa utosini, dawa tena jua likizama. Hajui kusoma, na hakukosea hata siku moja.

Miadi ya Eldoret ilikuwa Januari 2008. Msomaji yeyote wa Kenya anajua mwezi ule wa ghasia za baada ya uchaguzi ulikuwaje. Barabara zilizibwa kwa mawe na magogo, nyumba zilichomwa upande wa Turbo, na hakuna matatu iliyothubutu kupita. Kama dawa yake ingekuwa ya kudungwa hospitalini, ugonjwa ungepata nafasi ya kurudi. Kwa kuwa ilikuwa vidonge vya duka la dawa, nilizunguka Bungoma nikavinunua vyote nilivyovipata, nikampelekea kwa baiskeli. Mwisho wa Januari alikuwa na kilo 52. Aprili, barabara ilipofunguka na tukarudi Eldoret, alikuwa na kilo 59, na vipande vipya vilionyesha vinyweleo vikiota upya. Katika foleni ya kumsubiri daktari nilimwambia agusanishe kucha. Dirisha lilikuwa limeanza kuonekana, jembamba kama ufa wa mlango.

Si kila mgonjwa wa ugonjwa huu hupata nafuu hivyo. Wapo ambao dawa za viini haziwasaidii na huhitaji dawa za saratani, na wapo ambao hupona kisha ugonjwa ukarudi miaka baadaye, ndiyo maana aliendelea kuchunguzwa kila mwaka. Lakini alirudi kazini, akanunua pikipiki, akaoa.

Nami nilikuwa na safari ya kufanya Sirisia. Niliiahirisha mwaka mzima. Mwaka wa 2009 nilikwenda, nikamkuta mume wa yule mama akipalilia kahawa. Alikuwa amepima damu yake vituo vya ushauri na upimaji vilipofika kwao, na hakuwa na virusi. Hilo peke yake halithibitishi kitu, lakini alikuwa amelibeba miaka mingi bila kupata mtu wa kumwambia. Nilimweleza kwamba niliandika jina la ugonjwa bila kumpima mkewe, kwamba vidole vyake vilikuwa vikionyesha njia nyingine, na kwamba sikuifuata. Sikumwambia mkewe aliugua nini, maana mwili ulikuwa umeshalala miaka 11 na hakuna kipande cha kuusemea.

Mama mkwe, yule aliyemshikilia mgongo kwenye baiskeli, alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe. Aliyasikia yote. Akasema, "Daktari, maneno hayo usituachie sisi wawili. Godoro lilichomwa mbele ya watu."

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani kwao baada ya ibada, nikayarudia mbele ya watu.

Kwa mwenzangu uliye kazini leo, mahali popote kati ya Kitale na Malaba: mtu mzima akiharisha zaidi ya wiki 4 na kilo zake zinashuka, pima virusi, pima kifua kikuu, tafuta giadia, kisha mtazame mikono. Vipimo vikikana na dirisha likawa limefungwa, usimwandikie dozi ya nne ya taifodi. Mtume akatolewe kipande cha utumbo, na ukiweza, panda matatu pamoja naye.